Nilivyopeleka Sheria za Tanzania Washington na Kurudi Nazo

Mmeniuliza sana, na kila mmoja nimemjibu kipande. Wa ofisini niliwapa habari za theluji, mama watoto akapata za chakula, na wale jamaa wa Upanga wanaopenda kesi niliwaambia mambo yalikuwa siri, maneno ambayo ni kweli kidogo. Sasa naandika yote kwa pamoja ili tupumzike. Msitafute humu ushindi wangu. Niliondoka nikiwa shahidi mtaalamu wa sheria, nikarudi nikiwa mtu aliyeambiwa akae chini mbele ya watu wa mabara matatu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kampuni ya Kijapani ilijenga mradi wa maji Singida. Mabomba yalinunuliwa kwa kampuni ya Marekani. Yakapasuka kabla hata masika ya kwanza hayajaisha, vijiji vikarudi kuchota kwenye mashimo, na kampuni hizo mbili zikaanza kusukumiana lawama. Mkataba wao ulisema wakigombana wasiende mahakamani bali waende kwa wasuluhishi, na wasuluhishi watakaa Washington. Mawakili waliowatetea Wajapani, wenye ofisi huko, Tokyo na London, walihitaji mtu wa kueleza sheria ya Tanzania inasemaje mnunuzi anapokataa bidhaa mbovu. Sijui walimuuliza nani. Walinipata mimi.

Dar es Salaam hadi Amsterdam

Nilisafiri na shahidi mkuu, Injinia Morita, aliyesimamia ujenzi. Morita alikuja nchini kijana, akafundisha hesabu Dodoma, kisha kampuni ikamchukua, na hajaondoka tena isipokuwa kwa likizo. Ni mtu mfupi, mtulivu, mwenye ngozi iliyoungua na jua. Kiswahili alijifunza kwa waashi na madereva wa malori, kwa hiyo Kiswahili chake hakijui kubembeleza. Akitaka maji anasema, "Lete maji." Kiingereza chake kilikuwa kibovu, na changu, ingawa nakitumia mahakamani, kina tabia ya kupotea ninapokihitaji. Tangu tunapanda ndege hadi tunarudi, mimi naye tuliongea Kiswahili tu.

Rafiki yangu mmoja aliyewahi kusafiri alinishauri nivae mavazi mepesi, suti niifungie kwenye sanduku. Kwa hiyo nilipanda ndege kwenda kwenye shauri la kimataifa nimevaa traksuti ya bluu yenye mistari myeupe. Nikamfafanulia Morita ushahidi nilioandaa, tangu historia ya sheria ya mauzo enzi za mkoloni. Alisinzia kabla sijafika Uhuru.

Amsterdam kulikuwa na ukungu na ndege yetu ikaahirishwa. Nikaona hapo ndipo mahali pa mwanasheria. Nilimwendea mama mmoja mwenye sare nadhifu aliyesimama nyuma ya meza, nikamweleza haki za abiria kwa kirefu, wajibu wa msafirishaji, na namna fidia inavyopaswa kukadiriwa. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu kubwa. Kisha akanishika mkono na kunipulizia marashi. Alikuwa muuza manukato.

"Umeshinda?" Morita aliniuliza niliporudi nikinukia.

"Bado wanafikiria."

Yeye alikuwa amepata samaki mbichi mwenye vitunguu, anamla kama aliyefika kwao. Alinigawia. Nilidhani ni utani, nikatafuna nikicheka, halafu nikagundua kwamba ninayecheka ni mimi peke yangu.

Amsterdam hadi Dulles

Tulipotua Dulles, uwanja wa ndege wa Washington, tuliingizwa kwenye ukumbi wenye viti na madirisha. Nikakaa, nikavua viatu, maana miguu ilikuwa imevimba. Ghafla ukumbi ukaanza kuondoka. Nilisimama na soksi zangu nikapiga kelele, "Jengo linatembea!" Hakuna aliyeshtuka. Kumbe uwanja ule una vyumba vya magurudumu vinavyochukua abiria kutoka kwenye ndege hadi jengo kubwa, na wenyeji wamevizoea kama sisi tulivyozoea kivuko cha Kigamboni. Morita alinitazama kwa huruma, akaniokotea kiatu.

Ofisa wa uhamiaji akauliza nimekuja kufanya nini. Nilitaka kusema usuluhishi. Kiingereza kikanikimbia, nikasema nimekuja kwenye ugomvi. Aliinua uso.

"Ugomvi na nani?"

"Na Wamarekani."

Morita, aliyekuwa nyuma yangu, akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Wakili, sema mkutano! Mkutano tu!" Ofisa akamtazama Mjapani, akanitazama mimi na traksuti yangu, akatupeleka wote pembeni. Tulikaa huko hadi barua ya mawakili ilipoeleweka. Tulipotoka, mizigo yote ilikuwa imeshachukuliwa, na sanduku langu halikuwamo. Lilikuwa limekwenda mji mwingine, na suti ndani yake.

Adelphi

Mawakili walinilipia hoteli, lakini dada yangu Tausi, binti wa baba mdogo, anaishi Adelphi, kitongoji cha pembeni mwa Washington, na alishasema nikilala hoteli nisimpigie simu tena maisha yangu yote. Tausi ni nesi kwenye nyumba ya wazee. Mumewe, Mutua, ni Mkenya wa Machakos, mtu wa miraba minne anayefanya kazi ya ofisi na kuimba kwaya. Wanakaa kwenye maghorofa karibu na University Boulevard, ambako ukisikiliza ngazini unasikia Kihispania, Kifaransa na Kiswahili cha kila namna kabla hujafika mlangoni. Morita yeye alipelekwa hotelini, mjini.

Tausi aliponiona alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. "Kaka, umekuja kesi au michezo?"

Mutua akafungua kabati. "Shem, usiji-stress. Chukua hii yangu ya harusi."

Niliivaa. Mabega ya koti yalitangulia mabega yangu kila upande, na suruali ikabidi ikunjwe na kushikizwa kwa pini.

"Uki-button hapa, hakuna mtu ata-notice," alisema Mutua.

Binti yao mdogo, ambaye anaelewa Kiswahili chote lakini hajibu isipokuwa kwa Kiingereza, alinitazama akamuuliza mama yake kama mjomba anaumwa.

Mtaa wa K

Ofisi ya mawakili ilikuwa mtaa wa K, katikati ya jiji, kwenye jengo la vioo. Wakili kiongozi alikuwa Bi Whitfield, mwanamke mwembamba anayevaa raba akiwa njiani na viatu virefu akikaa mezani. Alinisalimia, akatazama koti, akawa muungwana. Pembeni yake alikaa Bwana Okabe, mkubwa wa kampuni kutoka Tokyo, amevaa suti nyeusi, haongei. Siku hiyo ilikuwa ya mazoezi: Bi Whitfield angejifanya wakili wa upande wa pili na kumhoji Morita, naye angejibu kwa Kijapani kupitia mkalimani.

Jambo lote lilikuwa moja. Wamarekani walidai kwamba mabomba yalipofika kiwanjani, Morita aliyapokea. Wajapani walisema aliyakataa. Hakukuwa na maandishi, ila maneno kati ya Morita na wakala wa Wamarekani aliyeleta lori.

"Ulimwambia nini wakala?" aliuliza Bi Whitfield.

Morita akamtazama Bwana Okabe, akainamisha kichwa, akasema maneno marefu, laini. Mkalimani akatafsiri: "Nilimwambia kwamba kuhusu mabomba hayo, hali ilikuwa ngumu kidogo."

"Ngumu kidogo? Kwa hiyo ilikuwa inawezekana?"

Maneno mengine marefu, laini. "Niliomba lifikiriwe kwa makini."

"Na kama uliyakataa, kwa nini uliyalaza ardhini?"

Hapo Morita alimtazama tena Bwana Okabe. Jasho lilimtoka. "Kulikuwa na mambo mbalimbali," mkalimani alisema hatimaye, naye akionekana kuona aibu.

Bi Whitfield akaweka kalamu chini. Alinieleza baadaye, kwenye korido, kwamba ameshawahudumia Wajapani wengi, anajua "ngumu kidogo" kwao ni hapana kamili, lakini wasuluhishi wale hawalipwi kujua hivyo. "Akijibu hivi Jumatatu, tumeshindwa," alisema. "Na kampuni itasema kosa ni lake yeye, si la mtu mwingine."

Mimi nilimtuliza. Nilimwambia asihofu, kuna ushahidi wangu juu ya sheria. Alinishukuru kwa namna ambayo sasa naielewa.

Theluji

Jumamosi ilianguka theluji. Haikuwa nyingi, kwetu tungesema manyunyu, lakini mji mkuu wa taifa kubwa ulifunga milango. Mutua aliniambia tangu jana yake watu walikuwa wameshanunua mikate na maziwa yote madukani kana kwamba vita inakuja. Zamu ya Tausi ikafutwa, naye akaamua kupika. Akaniambia nimwite "yule Mjapani wako, maskini, peke yake hotelini." Morita alikuja na treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha karibu, Mutua akaenda kumchukua kwa gari, wakaserereka njia nzima na kufika wakiwa marafiki.

Tausi alisonga ugali kwa unga wa dukani kwa Walatino, akaweka mbuzi wa kukaanga na mboga za majani. Morita alinawa, akavuta kiti, akamega tonge kubwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Dar kumwona akishusha mabega.

"Eti Injinia," Tausi alisema, "hayo mabomba mnayogombea yalikuwaje?"

Morita akaliweka tonge chini. "Dada, yalikuja kwenye lori. Mimi nikapanda juu, nikagonga moja kwa nyundo. Likalia vibaya. Nikamwita yule wakala, nikamwambia, we bwana, unanichezea? Haya si mabomba, haya ni makopo! Pakia, rudisha ulikotoa. Hapa hakilazwi kitu."

Alipiga meza, mchuzi ukaruka. Mutua alipiga makofi. "Wueh! Sasa hiyo si ndiyo useme Monday?"

"Huko naulizwa kwa Kijapani," alisema Morita, sauti ikishuka. "Kwa Kijapani sina maneno hayo. Na Bwana Okabe amekaa pale, ni mkubwa wangu."

"Kwani na wakala mlisema Kijapani?" aliuliza Tausi.

"Kijapani kitoke wapi? Yule ni mtu wa Moshi. Tulisema Kiswahili."

Nawaambieni ukweli, mimi niliendelea kunyonya mfupa. Mtaalamu wa sheria, niliyeletwa kwa ndege mbili na ukumbi wa magurudumu, sikuona kitu. Ni Morita mwenyewe aliyeninyang'anya mfupa.

"Wakili. Nataka kujibu kwa Kiswahili."

"Haiwezekani," nilimjibu, nikampa sababu tatu. Baadaye niligundua zote hazikuwa sahihi.

"Mpigie simu yule mama," alisema Tausi.

Nilimpigia Bi Whitfield nyumbani kwake. Nikamweleza anachotaka Morita. Kisha akauliza taratibu, "Unaniambia mazungumzo yale yalikuwa kwa Kiswahili? Nyaraka zetu zote zinasema tu 'alimwambia'. Sote tulidhani ni Kiingereza. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukuona kwamba ni jambo la kuniambia?"

"Niliona ni jambo la kawaida," nilisema. Na kwa kweli kwetu ni la kawaida. Watu wawili wamekutana Singida, waongee lugha gani?

Morita hakuweza kurudi mjini siku hiyo. Alilala kwenye kochi la Tausi, na asubuhi nilimkuta anapiga koleo theluji ya jirani.

Chumba cha shauri

Wakili wa upande wa pili alipinga. Alisema Mjapani kutoa ushahidi kwa Kiswahili ni mchezo wa kuigiza. Mwenyekiti wa wasuluhishi, mzee wa Kiswisi mwenye miwani nene, aliuliza swali moja tu: maneno yanayobishaniwa yalisemwa kwa lugha gani? Alipojibiwa, akasema shahidi atumie lugha hiyohiyo.

Mimi singeweza kutafsiri kwa kuwa nilikuwa shahidi wa upande mmoja. Akaletwa mkalimani anayeishi Riverdale Park, jirani na kwa Tausi, Mama Bahati, Mkongo wa Bukavu, aliyevaa kitenge chini ya koti la baridi. Bwana Okabe alikaa mbele, na mkalimani wake wa Kijapani akimnong'oneza.

Morita alianza vizuri. Lori, nyundo, sauti mbaya. Bi Whitfield akauliza alichomwambia wakala.

"Nilimwambia, haya si mabomba, haya ni makopo."

Mama Bahati akatafsiri kwa Kiingereza safi: haya si mabomba, haya ni vikombe.

Wasuluhishi wakatazamana. Wakili wa upande wa pili akaandika kitu akitabasamu. Na hapo, ndugu zangu, nikasimama. Sikukusudia. Koti la Mutua lilichelewa kidogo kusimama nami. "Si vikombe!" nilisema kwa sauti ya mahakamani Kisutu. "Makopo! Ya bati!"

Mwenyekiti akavua miwani. "Bwana ni nani?"

"Mtaalamu wa sheria ya Tanzania, mheshimiwa."

"Basi kaa chini. Sheria ya Tanzania haijaulizwa."

Nilikaa. Mama Bahati, bila hasira, alimgeukia Morita. "Pardon, papa. Kwetu kopo ni ya kunywia mayi. Wewe unasema kopo gani?"

"La maziwa ya unga, mama. Likiisha watoto wanalipiga teke."

Akatafsiri hivyo hivyo, teke na yote. Mwenyekiti akacheka, msuluhishi wa kushoto kwake akacheka, na nikaona Morita anashusha mabega kama alivyoshusha mezani kwa Tausi.

Kisha wakili wa upande wa pili akasimama kumhoji. Alikuwa hodari. Hakupoteza muda na makopo. Alikwenda moja kwa moja kwenye swali lile.

"Kama uliyakataa, kwa nini uliyalaza?"

Morita akamtazama Bwana Okabe. Nikamwona anaanza kuinamisha kichwa kama siku ya mazoezi. Bi Whitfield alikuwa amefumba macho. Kichwa kikasimama njiani, kikarudi juu.

"Nilipiga simu Tokyo," alisema kwa Kiswahili. "Nikawaambia mabomba hayafai. Wakasema siku ya ufunguzi imeshapangwa, wageni wanakuja, nilaze tu, tutazungumza na Wamarekani baadaye. Nikalaza. Nikijua yatapasuka. Na wanawake wa pale walikuwa wananiletea maziwa kila asubuhi kunishukuru." Akamgeukia mwenyekiti. "Wamarekani walileta makopo. Sisi tuliyafukia. Ndivyo ilivyokuwa."

Mama Bahati alitafsiri polepole, sauti yake ikikwaruza. Ilipofika Kijapani, mkalimani wa Bwana Okabe alisita. Bwana Okabe akamwashiria aendelee. Alisikiliza hadi mwisho, hakupepesa macho. Bi Whitfield alikuwa mweupe kuliko theluji ya nje, maana mteja wake alikuwa amepigwa na shahidi wake mwenyewe. Lakini hata mimi niliona kwamba baada ya jibu lile hakuna mtu mle ndani aliyekuwa na shaka juu ya nyundo, lori wala makopo.

Mwenyekiti akatoa mapumziko. Mapumziko hayo hayakuisha. Mawakili wa pande zote walijifungia chumba kingine na wakubwa wao, na jioni wakatoka kusema wamepatana. Masharti ni siri na siyajui. Najua tu kwamba mabomba yote yatafukuliwa na kubadilishwa.

Nilimuuliza Bi Whitfield kama bado atahitaji ushahidi wangu kwa ajili ya kumbukumbu. Alinishika bega, akakamata pamba tupu za koti, akaniambia kwamba baada ya kusimama kwangu asingeniita hata kama wasingepatana.

Korido

Tulikuwa tunasubiri lifti, mimi na Morita, Bwana Okabe alipotufuata. Alisema maneno machache ya Kijapani. Morita akainama. Bwana Okabe naye akainama, chini zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko nilivyotegemea, kisha akaondoka.

"Amekufukuza?" nilinong'ona.

"Amesema nirudi Singida nikasimamie mabomba mapya."

"Alhamdulillahi!"

"Na amesema hakuna haja ya kurudi tena makao makuu."

"Sasa hiyo ni adhabu au zawadi?"

Morita alifikiri hadi lifti ikafika. "Sijui," alisema. "Kwa Kijapani haikueleweka vizuri."

Tuliingia ndani, na kwa mara ya kwanza katika safari nzima akacheka hadi akashika ukuta.

Singida

Wengi wenu mnadhani safari iliishia uwanja wa ndege wa Dar. Mimi nahesabu imeishia mwezi uliopita, Morita aliponipigia simu kwamba wanafungulia maji kijiji cha kwanza. Nilipanda basi. Nilivaa vizuri, nikiamini nitaombwa kusema machache kuhusu upande wa sheria.

Hakukuwa na jukwaa wala wageni. Kulikuwa na bomba la kijiji, Morita amepiga magoti kwenye vumbi na sikio lake juu ya chuma, na wanawake wamepanga ndoo. Mmoja alikuwa ameshika chupa ya maziwa, anasubiri amalize ili ampe. Morita akanyoosha kidole kutunyamazisha.

"Yanakuja," alisema.

Bomba likakohoa upepo, likatema tope jekundu, likatulia, halafu maji yakaja. Nilisogea mbele, nikakohoa, nikaanza, "Ndugu zangu, kwa mujibu wa..."

"Baba," alisema mama wa ndoo ya kwanza, "sogea kidogo, umeziba foleni."

Nikasogea.